Shangazi, mapacha wangu walimfungia bibi yao chooni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Tunaishi Mwanza kwenye nyumba ya kupanga, wapangaji wanne ua mmoja. Mume wangu ni Msukuma, mimi nimetokea Bukoba. Watoto watatimiza miaka mitatu Disemba hii, na wanafanana kiasi kwamba mimi niliyewazaa, nikikurupushwa usingizini, natafuta kwanza kidoa cheusi kilicho chini ya sikio la Kulwa ndipo niite jina.

Nakuandikia kwa sababu nimekosana na mama mkwe, na kilichotukosanisha ni kicheko.

Mama alikuja kututembelea kutoka Magu, mgeni wa wiki mbili, na michembe ya wajukuu, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kaibeba mwenyewe kwenye mfuko. Jumamosi asubuhi akaenda chooni. Choo chetu kiko uani, na mlango wake wa bati una komeo kwa nje ili kuku wasiingie. Mimi nilikuwa nafua, mgongo nimewapa. Nikasikia mlango unagongwa taratibu, kwa adabu: ngo, ngo, ngo. Halafu sauti ya Doto: "Karibuuu!" Ukagongwa tena. Kulwa akaitikia, "Pita ndani!" Kugeuka nawaona wamekaa chini mbele ya choo, ndoo wameipindua chini ya komeo, wanatafuna michembe. Bibi kule ndani anabembeleza, "Wajukuu zangu, nifungulieni, ni mimi bibi yenu." Doto akamjibu hata hajameza, "Bibi hayupo. Kaenda chooni."

Shangazi, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye povu la sabuni. Wapangaji wenzangu wakatoka, wakacheka. Aliyemfungulia mama ni kijana wa chumba cha pili, mimi mikono haikuwa na nguvu. Mama akapita bila kuniangalia. Jioni akamwambia mwanawe kwa Kisukuma, akidhani sisikii lugha, kwamba watoto hawa hawafundishwi, wanashangiliwa. Jumatatu akapanda gari akarudi kwake. Wiki mbili zikawa siku nne.

Sasa usidhani ni siku moja tu. Hii ndiyo nyumba yangu. Baba yao ana usemi wake kila mwisho wa mwezi, kwamba mwenye nyumba kazi yake kula kodi tu. Mzee alipokuja kudai, Doto akaingia jikoni, akatoka na sahani tupu na kijiko, akamwekea mapajani: "Babu, kula kodi." Mzee akaniangalia mimi, mimi nikaangalia dari.

Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, tumefika kwenye ule ukimya wa kuwaombea marehemu, Kulwa akauliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Nani kajamba?" Doto akajibu, "Baba." Ni maneno wanayoyasikia nyumbani baba yao akiwatania, na siku hiyo hakuna aliyejamba. Akina mama wakaficha nyuso kwenye khanga, mabega yanatingishika, mwenyekiti akashindwa kuimalizia sala. Tangu hapo swali hilo linaulizwa kwenye daladala, linaulizwa kliniki, na wiki iliyopita limeulizwa msibani.

Kulwa akisimama mbele ya kioo cha kabati anamwita Doto. Siku moja alikuwa anampa andazi, "Doto, chukua, chukua basi," anakasirika mwenzake hapokei. Doto mwenyewe akatokea nyuma, akalichukua andazi, akaondoka nalo. Kulwa akabaki anakiangalia kioo.

Na unga. Nilisikia nyumba imenyamaza, nikajua tayari. Nawakuta wamemimina sembe kwenye poti, wanasonga ugali kwa mwiko. Nikauliza, nani kamwaga unga? Kulwa akasema, "Doto." Nikamgeukia Doto. Akanitazama machoni, unga umemjaa mpaka kwenye kope, akasema, "Mimi Kulwa. Doto kaenda dukani." Na mimi, mama mzima, nikainama kutafuta kile kidoa.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunaishi naye. Yeye kazi yake ni kurekodi. Kila kituko kinakwenda kwenye magrupu ya WhatsApp, la ukoo, la kazini kwake, sijui na wapi. Siku hizi watoto wakiona simu imeinuliwa wanaanza wenyewe. Juzi Kulwa kaanguka, kalia, kanyamaza katikati ya kilio, kamuuliza, "Ba'mdogo, umepiga?" Alipoambiwa bado, akarudi kulala palepale alipoangukia.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wana lugha yao. Maji wanayaita "gogi". Doto akisema "ngedu", Kulwa anakwenda kuleta viatu vyao wote wawili, maana yake tunataka kutoka. Wanaweza kukaa chini ya mwembe wakaongea hivyo muda mrefu, wanacheka, mimi siambulii kitu. Mtoto wa jirani aliyezaliwa mwezi mmoja nao anasimulia jambo lote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wangu wanasema sentensi fupi fupi kama hizo nilizokuandikia, nyingine nimezinyoosha mimi ili uzielewe. Jirani anasema tumewachanganya kwa Kihaya, Kisukuma na Kiswahili. Mama mkwe, kabla hajanuna, alisema chini ya ulimi kuna kakamba, yupo mama kijijini anakakata kwa wembe. Akaongeza kwamba pacha mmoja akikosea wachapwe wote wawili, ukimbagua mmoja unaleta balaa.

Naomba unisaidie. Niache kucheka? Niwachape wote? Na hii lugha yao ni ugonjwa? Hapo sijakuambia watu wanaoniuliza Shija, yule mtoto anayefuata mapacha, anakuja lini.

Mama Kulwa, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza sikufaa kitu, nikaiweka chini nikamalize kucheka. Mara ya pili ndipo nilipoanza kuisoma kama shangazi.

Nianze na choo, kwa kuwa ndiko ugomvi uliko. Hebu waangalie tena watoto wako walivyofanya. Mlango umegongwa, wakasema karibu. Umegongwa tena, wakasema pita ndani. Wameulizwa habari za bibi, wakatoa taarifa sahihi: kaenda chooni. Hiyo ni adabu uliyowafundisha mwenyewe, wameitumia neno kwa neno. Kitu ambacho hawajakijua ni kwamba anayegonga kutoka ndani si mgeni, na kwamba bibi aliye chooni na bibi anayeongea ni mtu mmoja. Mtoto wa miaka miwili na miezi hana namna ya kumcheka mama mkwe wako. Huo uwezo wa kumdhihaki mtu mzima bado hajaupata, usiwe na haraka, utakuja.

Kwa hiyo hawana kosa. Lakini mama mkwe wako naye hana kosa, na hapa naomba unisikilize. Yeye alikuwa amefungiwa gizani kwenye bati, nje anasikia ua mzima unacheka, na mkwewe yuko katikati ya wanaocheka. Hakuumizwa na watoto. Mpigie simu wewe mwenyewe, usimtume mumeo, na usianze kumweleza kwa nini ilikuwa inachekesha. Mwambie, "Mama, nisamehe, nilicheka kabla sijakufungulia." Hilo tu. Akikaa kimya kwenye simu, ngoja naye kimya. Ukishamaliza hilo, siku nyingine, mumeo ndiye amsimulie ile ya "bibi kaenda chooni", kwa Kisukuma, taratibu. Watu wa Usukuma utani wanaujua vizuri. Atacheka, ila acheke kwa muda wake.

Sasa lile neno alilolisema akidhani husikii: hawafundishwi, wanashangiliwa. Nusu ya neno hilo ni kweli, na ndiyo nusu iliyonifanya nijibu barua yako kwa urefu. Nyumba yako imegeuka ukumbi. Mapacha wanazaliwa tayari wana watazamaji. Kote kuzunguka ziwa lenu hilo, pacha ni tukio. Kwa wakwe zako anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto wa baada yao ameshapewa jina kabla hata hajatungwa mimba, kama unavyokumbushwa kila siku. Kwa Wajaluo wasichana ni Apiyo na Adongo. Waganda wanakwenda mbali zaidi, wanawapa cheo mpaka wazazi: baba anaitwa Ssalongo, mama Nnalongo. Hakuna anayempita mama wa mapacha njiani bila kusimama. Wanao wamejifunza mapema kuliko watoto wengine kwamba wao wakifanya jambo, nyuso zinageuka.

Na nyuso zikigeuka zikacheka, jambo linarudiwa. Ndivyo watoto wa umri huu walivyo. Hawajui kipi ni kizuri na kipi ni cha aibu, wanajua kipi kimewafanya watu wazima wapasuke. Ile ya "nani kajamba" siku ya jumuiya ilikuwa bahati mbaya. Ya kwenye daladala haikuwa bahati mbaya tena, na ya msibani ilikuwa maonyesho kamili, mmoja anauliza, mwenzake anajibu. Mtoto mmoja peke yake angechoka akaacha. Hawa kila mmoja ana mwenzake wa kumpokea, kwa hiyo mchezo wa mapacha unachukua muda mrefu kufa. Vumilia.

Sikuambii uache kucheka. Nyumba yenye watoto wa miaka miwili isiyocheka ina shida nyingine. Ninachokuambia ni kutazama kinachofuata baada ya kicheko. Ukicheka mara moja, ukaendelea na kufua, kituko kinapita. Ukiwaita majirani, ukasema "hebu rudia ulivyosema", ukakisimulia kwa mgeni mbele yao huku unawaangalia, hapo umekisajili. Maneno yale ya kwenye msiba utayaua hivi: wakiyasema, asiwepo hata mtu mmoja wa nyumbani anayegeuza shingo. Hakuna kucheka, hakuna "shii!", hakuna macho makali, maana macho makali nayo ni kugeuziwa uso. Endelea na ulilokuwa unalisema. Siku za mwanzo watapandisha sauti zaidi, wakidhani hamkusikia. Msitetereke. Na baba yao aache utani huo kwa muda, yeye ndiye kisima wanakochota. Akishindwa, basi asishangae kutajwa.

Ya mwenye nyumba sina dawa yake, isipokuwa mumeo ajue kwamba ana vipaza sauti viwili vinavyotembea. Lipeni kodi mapema mwezi huu.

Shemeji yako na simu yake, hilo silichukulii kwa mzaha. Mtoto anayekatiza kilio chake kuuliza kama amerekodiwa ameshaanza kulia kwa ajili ya mtu mwingine. Siku akiumia kweli utamjuaje? Mume wako akae na mdogo wake waongee, maana hilo likitoka kinywani mwako litaitwa la mke wa kaka. Picha mbili tatu za kumbukumbu hakuna anayezikataa. Lakini kitu kikishaingia kwenye grupu hakina mwenyewe tena, na hawa watakuja kuwa wasichana wa darasa la sita ambao wenzao wana video yao wanasonga ugali kwenye poti. Za kuoga, za uchi, za poti, zifutwe zote leo. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na humo taarifa za watoto zimewekwa kwenye fungu la taarifa nyeti. Sikuambii umshtaki shemeji. Nataka tu ajue kwamba hata waliokaa Bungeni waliliona.

Twende kwenye unga. "Mimi Kulwa, Doto kaenda dukani." Mwanangu, hilo jibu lingekuwa la mtoto wangu ningelitunza. Mtoto aliyeweza kusema hivyo amejua mambo mawili makubwa: kwamba unayoyajua wewe siyo anayoyajua yeye, na kwamba anaweza kukuwekea picha kichwani ambayo si ya kweli. Umri wa karibu miaka mitatu ndio mambo haya yanapoanza kuchipuka. Usimwite mwongo, hana dhamira hiyo. Ila wewe uliukaribisha uongo wenyewe kwa kuuliza nani kamwaga unga, na hali mwiko uko mkononi na unga uko kwenye kope. Usiulize unachokijua. Sema, "Unga umemwagika. Chukueni vitambaa." Kila mmoja kitambaa chake, kila mmoja upande wake, hata kama utarudia kufuta mwenyewe baadaye. Wakimaliza, mmemaliza, usimhadithie baba yao jioni kwa sauti ya mashtaka wala ya kuchekesha.

Ninaposema kila mmoja kitambaa chake simaanishi wachapwe wote. Kwanza mimi fimbo kwa mtoto wa umri huu siikubali, anachokumbuka ni maumivu na sura yako, unga ameshausahau. Pili, kumwadhibu Doto kwa kosa la Kulwa kunawafundisha kwamba hakuna Kulwa wala Doto, kuna kitu kimoja chenye miguu minne. Nimesoma barua yako nzima nikitafuta mahali Kulwa yuko peke yake. Nimempata mara moja tu, mbele ya kioo, na hapo napo alikuwa anamtafuta Doto. Usiogope ile ya kioo, mapacha wanaofanana wengine hufanya hivyo. Sura anayoifahamu kuliko zote ni ya mwenzake, yake mwenyewe ameionea wapi? Unaweza kumsaidia. Simama naye mbele ya kioo, Doto akiwa nje, mpake poda puani, mwambie, "Pua ya Kulwa iko wapi?" Atajishika. Siku nyingine fanya hivyo na Doto.

Hayo ya balaa, ya kwamba wakibaguliwa mmoja ataugua, mwachie mama heshima yake, usibishane. Wapewe michembe sawa, wapewe nguo siku moja. Ila nguo zisifanane kila siku. Mfungie mmoja uzi mwekundu kwenye nywele, mwingine wa kijani, mpaka majirani nao waache kuita "Kulwadoto" kwa pumzi moja.

Sasa lugha, ambayo ndiyo imekunyima usingizi.

Wala si ugonjwa, wala hawajarogwa. Mapacha kwa kawaida huchelewa kidogo kuongea ukilinganisha na mtoto aliyezaliwa peke yake, tofauti ya miezi, na walio wengi hufikia wenzao kabla au mara tu wanapoanza shule. Wengine walizaliwa kabla ya siku, hilo lina mchango wake. Lakini sababu kubwa iko kwenye siku yako. Mama wa mtoto mmoja anakaa naye anamwambia, "Unaona kuku yule? Anakula nini?" Wewe saa zote unaongea na wawili, tena kwa amri: njooni, acheni, shukeni, leteni, tokeni kwenye moto. Nani akulaumu? Huna mikono minne. Matokeo yake ni kwamba maneno wanayoyapata kwa mtu mzima yanagawanywa, na sehemu kubwa ya mazungumzo yao ni wao kwa wao, wote wanaojifunza.

Hapo ndipo "gogi" ilipozaliwa. Mmoja alijaribu kutamka neno akalikosea, mwenzake akamwelewa, basi, hakukuwa na haja ya kulirekebisha. Lugha za mapacha karibu zote ni hivyo, ni makosa ya kitoto yaliyopata mtu wa kuyaelewa. Zitakufa zenyewe wakizidi kuongea na watu wengine. Usizikataze, usiwacheke, lakini wewe usiziongee. Doto akikuambia "gogi", mjibu, "Maji? Unataka maji. Haya, maji haya hapa," na umpe. Usimnyime mpaka aseme vizuri, hiyo itamfundisha kiu tu.

Dawa kubwa kuliko zote ni kuwatenganisha kidogo kila siku. Ukienda Kirumba kununua dagaa, chukua mmoja, mwachie mwingine baba yake au jirani. Kesho badilisha. Njiani mwongeleshe huyo mmoja kila mnachokiona: yule sangara, huyu sato, dagaa wamekauka, mama yule ana kapu zito. Ngoja akujibu. Watoto hawa wamezoea mwenzao ajibu kwa niaba yao, kwa hiyo ukiuliza utakuta kimya, na wewe utatamani kukijaza. Usikijaze. Hesabu kimoyomoyo, mwangalie usoni, atasema kitu. Siku za kwanza yule anayebaki nyumbani atalia kama amefiwa. Atazoea.

Na usiache lugha yoyote kati ya hizo tatu. Mtoto hachanganyikiwi kwa kusikia Kihaya kwa mama, Kisukuma kwa bibi na Kiswahili uani. Nusu ya watu wazima unaokutana nao Mwanza wamekua hivyo, nao wanaongea mpaka unawaomba wanyamaze. Hesabu maneno yao ya lugha zote pamoja, pamoja na hizo "gogi" na "ngedu", utaona wana mengi kuliko ulivyodhani. Hapa ndipo mama mkwe wako anapokuwa mtu wa maana kuliko mimi. Akirudi, mpe Kulwa asubuhi peke yake, wakamenye viazi wakihadithiana. Jioni mpe Doto. Yeye ana muda, ana hadithi, na ana lugha ambayo wewe huwezi kuwapa. Mwombe hivyo kwa maneno yako mwenyewe, kwamba unahitaji msaada wake wawe watu wa kuongea. Nakuhakikishia atasahau habari za kukaa wiki mbili, atakaa mwezi.

Wembe, hapana. Hapa sina "labda". Kamba ya chini ya ulimi kila mtu anayo. Iliyo fupi kupita kiasi inaweza kumsumbua mtoto kunyonya, au baadaye kutamka herufi fulani, lakini haimfanyi mtoto ashindwe kujua maneno, na watoto wako wanasema "karibu" na "dukani" bila tabu. Wembe wa kijijini unaleta damu isiyokata, pepopunda na maambukizi mengine. Mama akilileta tena, mwambie mtaanza kwa daktari kwanza, na kama daktari akiona kuna cha kukata, atakata yeye.

Kabla sijasahau: lile komeo. Umesema ndoo ilikuwa imepinduliwa. Hiyo maana yake wamejua kushirikiana, mmoja anashika, mwingine anapanda. Mtoto mmoja asingelifikia. Hesabu hatari zote za nyumbani kwa urefu wa wawili waliobebana, si wa mmoja. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda yatoke nyumbani kabisa. Ndoo na beseni za maji zisikae uani bila mfuniko, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kina cha kiganja na hapigi kelele. Komeo lipandishwe juu kabisa ya mlango.

Mwisho, kliniki. Kadi zao bado zinatumika mpaka miaka mitano, usiziweke kabatini kwa sababu chanjo zimeisha. Mwambie muuguzi kuhusu kuongea kwao hata kama hakuulizi. Na usingoje siku ya kliniki kama mmoja hageuki akiitwa kutoka nyuma, kama masikio yanatoa usaha, kama haonyeshi kitu kwa kidole, kama hakuangalii usoni, au kama alikuwa na maneno na sasa yamepotea. Vilevile wakitimiza miaka mitatu na mgeni hashiki hata nusu ya wanachosema, wapeleke. Hospitali kubwa kama Bugando ina madaktari wa masikio, pua na koo, na kupima usikivu hakuumi. Omba wapimwe mmoja mmoja, mwenzake akiwa nje na baba yake, mlango umefungwa. Wakiingia pamoja daktari atamuuliza Kulwa, atajibiwa na Doto, na kwenye cheti ataandika kwamba wote wako sawa.

Shangazi